Neno la Kiingereza 'Bestiality' na Kisawe Chake 'Unyama': Uchunguzi wa Maana na Matumizi

1.0 Utangulizi

Mtafsiri anapokutana na nomino dhahania ya Kiingereza yenye asili ya Kilatini, mazoea yake ni kuivunja katika sehemu zake na kuzitafutia sehemu hizo visawe. Kwa njia hiyo neno 'bestiality' huonekana rahisi kuliko mengi. Shina lake linatokana na jina la mnyama. Kiambishi tamati '-ity' huunda nomino ya hali, kazi ambayo katika Kiswahili hufanywa na kiambishi awali u-. Kwa hiyo 'bestiality' ni unyama. Hesabu hiyo haina kosa la kimofolojia. Kosa lake ni la kisemantiki, na madhara yake hayaishii katika kurasa za kamusi, kwani neno hili la Kiingereza ni jina la kosa la jinai, na 'unyama' ni neno ambalo shahidi wa Kiswahili hulitumia anapoeleza mambo mengine kabisa.

Makala haya yanachunguza maana za neno hilo tangu lilipoingia katika Kiingereza, pamoja na jamaa zake wa karibu, kisha yanalilinganisha na 'unyama' wa Kiswahili. Hoja inayotetewa ni kwamba maneno haya mawili hukutana kwenye mzizi lakini hutazama pande tofauti: 'bestiality' humtazama mtendaji na kile anachokitenda, ilhali 'unyama' humtazama mtendewa na utu wake uliovunjwa.

2.0 Kutoka kwa punda hadi jinai

Neno 'bestiality' liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa mwishoni mwa karne ya 14. Kifaransa nacho kilikuwa kimelipokea kutoka Kilatini, ambamo 'bestia' ni mnyama. Mmoja wa waandishi wa mwanzo kulitumia ni Geoffrey Chaucer, katika utenzi wake wa Troilus na Criseyde wa miaka ya 1380. Hapo rafiki anamkemea Troilus, aliyezama katika huzuni ya mapenzi na asiyesikia anachoambiwa, kwa kumfananisha na punda anayepigiwa kinubi: sauti ya nyuzi humfikia, lakini muziki haumwingii akilini kwa sababu ya 'bestiality' yake. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu, kwani naye husema kumpigia mbuzi gitaa. La kuzingatiwa ni kwamba katika matumizi hayo hamna ukatili wala uchafu wa aina yoyote. Punda wa Chaucer hana hatia. 'Bestiality' yake ni uzito wa akili, yaani kukosa kile ambacho wanafalsafa wa zama hizo walikiona kuwa mpaka kati ya binadamu na viumbe wengine wenye uhai.

Upande wa pili wa urithi wa neno hili ni mzito zaidi. Katika kitabu cha 7 cha Maadili ya Nikomako, Aristotle anataja hali tatu za kimaadili zinazopaswa kuepukwa: uovu, kushindwa kujizuia, na hali ya tatu ambayo jina lake la Kigiriki limetokana na neno lenye maana ya mnyama wa mwitu. Tafsiri ya Kilatini ya karne ya 13 iliiita hali hiyo 'bestialitas', na Dante akaitaja katika wimbo wa 11 wa Jehanamu. Hali hii si uovu uliozidi tu. Mwovu ana akili na ameipotosha. Aliyefikia hali hii ni kama hana cha kupotosha. Mifano ya Aristotle inatisha, ukiwamo wa ulaji wa nyama ya binadamu, naye hakusita kudai kwamba hali hiyo huonekana zaidi miongoni mwa mataifa yasiyo ya Kigiriki. (Katika pwani ya Afrika Mashariki kazi hiyo ya kuwasukuma watu wa mbali nje ya ustaarabu ilifanywa na 'ushenzi', wala si 'unyama'. Tofauti hiyo inastahili makala yake yenyewe.)

Maana ya tatu, yaani kujamiiana na mnyama, inajitokeza mwanzoni mwa karne ya 17. Kwa muda mrefu ilikaa pembeni. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 inafasili neno hili kuwa ni sifa ya wanyama na kuporomoka kutoka katika hali ya ubinadamu, basi. Kamusi ya Noah Webster ya mwaka 1828 inatoa maana mbili, ile ya sifa ya wanyama ikitangulia na ile ya kujamiiana ikifuata. Katika Kiingereza cha leo mpangilio huo umepinduka. Msemaji wa kawaida hufikiria maana ya kujamiiana kwanza, na wengi hawaifahamu nyingine. Mtafsiri wa matini za karne ya 18 au 19 hana budi kulikumbuka hilo: mwandishi wa wakati huo anapomshutumu mtawala kwa 'bestiality', huenda anamsema kwa ulafi, ulevi au upumbavu tu, na kumsomea shutuma hiyo kwa maana ya leo ni kumzulia.

3.0 Mgawanyo wa kazi kati ya 'beast', 'animal' na 'brute'

Kufinyika huko kwa maana hakueleweki bila kutazama kilichotokea kwa shina lenyewe. Kiingereza cha Kale kiliwaita wanyama kwa neno 'deor', ambalo leo limebakia kuwa jina la jamii ya kulungu. 'Beast' lilikuja kutoka Kifaransa na kushika nafasi yake, likimaanisha mnyama yeyote, mpole au mkali. Kisha 'animal' likaenea kuanzia karne ya 17 na kulipokonya 'beast' nafasi hiyohiyo. Katika tafsiri ya Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611 neno 'animal' halimo hata mara moja. Wanyama wote humo ni 'beast', hata katika Ufunuo, ambapo viumbe wanne wanaozunguka kiti cha enzi katika sura ya 4 na yule wa kutisha atokaye baharini katika sura ya 13 wamepewa jina moja, ingawa Kigiriki kina maneno mawili tofauti. Ilipofanyiwa masahihisho Agano Jipya hilo mwaka 1881, wale wa kiti cha enzi waliondolewa jina la 'beast' na kuitwa viumbe hai, kwa kuwa kufikia wakati huo neno hilo lilikuwa limechafuka kiasi cha kutoweza kuwekwa mbele ya Mungu. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya Muungano nao walitenganisha: 'wenye uhai' kwa wale wanne, 'mnyama' kwa yule wa baharini.

'Brute' lina historia yake. Katika Kilatini lilimaanisha kitu kizito, chenye ubutu, kisha mtu mpumbavu. 'Brutality' ilianza kwa maana hiyohiyo ya kukosa akili, na katika karne ya 17 ikahamia kwenye ukatili, ambako imebaki. Kwa hiyo maneno mawili yaliyoanza na maana inayokaribia kuwa moja yaligawana urithi: 'brutality' ikachukua ukatili, 'bestiality' ikaachiwa kujamiiana na mnyama. Punda wa Chaucer hana mrithi.

Kuhusu 'beastliness' na kivumishi chake 'beastly' inatosha kusema machache. Haya yalipoteza makali katika Kiingereza cha Uingereza cha karne ya 19, hasa katika misimu ya wanafunzi wa shule za bweni, hata mvua, chakula au mwalimu wa hisabati aliweza kuitwa 'beastly' bila kumaanisha zaidi ya kuudhi. Leo matumizi hayo yanasikika kuwa ya kizamani. Mtafsiri anayeandika 'hali ya hewa ya kinyama' kwa kufuata kamusi atakuwa amemsingizia mawingu.

4.0 Neno mbele ya sheria

Jambo la kustaajabisha ni kwamba sheria ya Uingereza, iliyoadhibu tendo hili kwa karne nyingi, haikupenda kulitumia neno lenyewe. Sheria ya mwaka 1533 chini ya Mfalme Henry wa Nane ilitumia 'buggery', jina lililojumuisha tendo lililofanywa na binadamu au na mnyama, na ambalo asili yake ni jina la Wabulgaria, waliohusishwa na uzushi wa kidini katika Zama za Kati. Sheria ya mwaka 1861 iliendelea na neno hilo. Kanuni za Adhabu zilizoletwa na Waingereza Tanganyika na Kenya mwaka 1930 nazo hazikutumia 'bestiality': kifungu cha 154 cha Tanzania na cha 162 cha Kenya vinazungumzia kumjua mnyama kimwili. Kwa hiyo mwanasheria wa Afrika Mashariki anayelitaja neno hilo hutaja jina la mazoea, si jina lililomo katika kifungu.

Mahali ambapo neno limo katika sheria, limeleta taabu ya aina yake. Kanuni ya Jinai ya Kanada, katika kifungu cha 160, ilikataza 'bestiality' bila kulifasili. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilitakiwa kuamua kama neno hilo linahusu mguso wowote wa kijinsia kati ya mtu na mnyama, au ni lazima pawe na kuingiliana. Jaji wa mahakama ya awali alikuwa ameona kwamba mguso unatosha. Majaji sita kati ya saba wa Mahakama ya Juu walikataa. Walisema kwamba neno lina maana iliyothibiti katika sheria ya mapokeo ya Kiingereza, kwamba maana hiyo inadai kuingiliana, na kwamba Bunge lilipoliingiza katika kanuni miaka ya 1950 halikuonyesha nia ya kulipanua. Kulipanua sasa ingekuwa ni kuunda kosa jipya, jambo ambalo si kazi ya mahakama. Jaji Rosalie Abella peke yake alitofautiana nao. Bunge lilijibu mwaka 2019 kwa kuandika fasili ndani ya sheria yenyewe: mguso wowote na mnyama kwa kusudi la kijinsia.

Kwa mwanaisimu kesi hiyo ina mafunzo mawili. La kwanza, ubishi wenyewe ulikuwa ni ubishi wa kileksikografia: je, maana ya neno ni ile ya wasemaji wa leo au ile ya waliolitunga kuwa istilahi? Majaji sita walichagua historia, na uchaguzi huo ukaamua hatima ya shtaka. La pili linahusu moja kwa moja mada ya makala haya. Katika mjadala wote huo swali lilikuwa ni mtendaji alifanya nini hasa na mwili wake. Kama mnyama aliumia, hilo halikuwa sehemu ya maana ya neno kwa majaji walio wengi; Jaji Abella ndiye aliyeona kwamba ulinzi wa mnyama unapaswa kuathiri tafsiri yake. Neno 'bestiality', hata katika nyumba yake ya mwisho, linamwelekea mtendaji.

5.0 'Unyama' upande wa Kiswahili

Mofolojia ya Kiswahili inatoa picha nyingine kabisa. 'Mtu' na 'mnyama' ni nomino za ngeli moja. Mnyama anakuja, analala, anakufa, kwa viambishi vilevile vya upatanisho anavyovipata mtu. Zote mbili huunda nomino ya hali kwa kuondoa m- na kuweka u-: mtu/utu, mnyama/unyama. Kiingereza hakina jozi iliyopangwa hivyo, kwani 'humanity' na 'bestiality' hazihusiani kimofolojia kiasi cha moja kumkumbusha msemaji nyingine. Mswahili akisikia 'unyama' anasikia, nyuma yake, utu uliokosekana.

Isitoshe, 'mnyama' halikuchafuka kama 'beast'. Limebakia neno la kawaida la ng'ombe, swala na simba. Nafasi ya neno la tusi ilijazwa na mkopo kutoka Kiarabu, 'hayawani'. Katika Kiarabu hilo ni neno la kawaida la mnyama, linalotokana na mzizi wenye maana ya uhai. Katika Kurani, sura ya 29 aya ya 64, umbo hilohilo linataja uhai wa kweli wa akhera. Lilipofika pwani likawa jina la mtu asiye na akili wala staha. Sikio la Mswahili husikia neno 'haya' ndani yake, kana kwamba hayawani ni mtu aliyeipoteza haya. Kietimolojia hisia hiyo haiko mbali sana, kwa sababu 'haya' nayo inatokana na mzizi huohuo wa Kiarabu. Kwa hiyo lugha hizi mbili zilifanya mambo kinyume: Kiingereza kililikabidhi neno jipya kazi safi na kuliacha la zamani lichafuke, Kiswahili kililinda neno la Kibantu na kulitwika la kigeni matusi.

Tazama sasa sentensi zifuatazo:

(1) Majambazi waliwafanyia abiria unyama.
(2) Kumwacha mgonjwa mlangoni usiku kucha ni unyama.
(3) ?Fisi alimfanyia mbuzi unyama.
(4) Kumwingilia mnyama ni unyama.

Sentensi ya (1) ni ya kawaida kabisa, na kitenzi chake kiko katika kauli ya kutendea. Hivi ndivyo 'unyama' unavyopenda kukaa: unafanyiwa mtu, unatendewa mtu. Sentensi ya (2) inaonyesha kwamba si lazima damu imwagike, kutojali kunatosha. Hapa 'ukatili', neno lililotokana na Kiarabu cha kuua, lisingekaa vizuri kiasi hicho. Sentensi ya (3) inasikika kama ya hadithi za watoto. Fisi halisi hawezi kufanya unyama kwa kuwa hana utu wa kuuvunja. Sentensi ya (4) ndiyo yenye uzito zaidi. Kama 'unyama' ungekuwa jina la tendo la kumwingilia mnyama, sentensi hiyo ingejirudia bila kusema jipya. Lakini inasema jipya: inatoa hukumu juu ya tendo. 'Unyama' basi ni neno la hukumu, si jina la kosa.

Uhusiano huo na utu unaonekana hata katika sheria kuu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 13(6)(e), inakataza mateso na adhabu za kudhalilisha, na inatumia kielezi 'kinyama' mahali ambapo toleo la Kiingereza lina 'inhuman'. Kiingereza kinakanusha ubinadamu. Kiswahili kinataja mnyama. Maneno yanatofautiana, lakini tafsiri ni sahihi, kwa sababu 'kinyama' hapo kinamlinda anayeadhibiwa. Jaji Mwalusanya alipoamua mjini Dodoma mwaka 1994 kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba, ibara hiyo ilikuwa katikati ya hoja. Mahakama ya Rufani mwaka 1995 ilikubali kwamba adhabu hiyo kwa asili yake ni ya kinyama, ila ikaiona kuwa inaokolewa na ibara ya 30. Hakuna mtu ambaye angethubutu kuweka 'bestial' katika toleo la Kiingereza la ibara hiyo.

Haifai kupuuza matumizi ya vijana. Katika Kiswahili cha mitaani nchini Tanzania 'unyama' umekuwa sifa: wimbo mzuri ni unyama, na mtu anaweza kupendeza kinyama. Mashabiki wa klabu ya Simba, inayoitwa Mnyama, wamelikuza neno hilo kwa furaha. Kiingereza cha mitaani nacho humwita mchezaji hodari 'beast'. Katika matumizi haya lugha hizo zimekutana kweli, na cha ajabu ni kwamba zimekutana kwenye sifa.

6.0 Kizimbani

Tatizo la kisawe linakuwa kubwa zaidi shahidi anapozungumza Kiswahili na kumbukumbu ikaandikwa kwa Kiingereza. Hali hiyo ilikuwa ya kawaida katika mahakama nyingi za Tanzania zilizo juu ya mahakama za mwanzo, hadi mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na ingali ya kawaida Kenya. Mwanamke au mtoto aliyeingiliwa kwa nguvu mara nyingi hatamki jina la tendo. Husema 'alinifanyia tabia mbaya', 'alinifanyia mchezo mbaya' au 'alinifanyia unyama'. Mahakama za rufani za nchi zote mbili zimelazimika kuamua kama tafsida za aina hiyo zinathibitisha tendo linaloshtakiwa, na zimewahi kukubali kwamba, kwa kuzingatia umri wa shahidi na mila, zinaweza kutosha.

'Tabia mbaya' angalau humwacha mkalimani akijua kwamba hana kisawe, naye huandika maneno ya Kiswahili yalivyo. 'Unyama' humdanganya kwa kuwa kisawe kinaonekana kipo. Akiandika 'bestiality', amebadilisha shtaka na kumwondoa kabisa aliyetendewa, kwa kuwa sasa mtendewa ni mnyama. Akiandika 'brutality', amehifadhi ukatili na kupoteza tendo la kijinsia, ambalo ndilo linalopaswa kuthibitishwa. Akiandika neno la ubakaji moja kwa moja, ametia kinywani mwa shahidi ushahidi ambao hakuutoa, na wakili wa utetezi atakuwa na haki ya kulalamika. Njia iliyo salama ni kuliacha neno la Kiswahili katika kumbukumbu kama lilivyotamkwa, na kumwomba shahidi, kwa lugha anayoiweza, aeleze kilichotokea.

7.0 Vitomeo vya kamusi

Kutokana na uchunguzi huu, kamusi thaniya ya Kiingereza na Kiswahili inapaswa kuanza kitomeo cha 'bestiality' na maana iliyo hai zaidi, ikiwa na alama ya uga wa sheria: kujamiiana na mnyama. Kirai kinafaa kuliko istilahi mpya ya neno moja, kwani wasemaji wanakielewa bila kufundishwa, na Biblia ya Kiswahili tayari inatumia kirai cha namna hiyo, kulala na mnyama, katika Kutoka na Mambo ya Walawi. Maana ya pili, yenye alama ya matumizi ya kale, iwe hali ya kukosa akili au kujizuia kama mnyama. Hapo 'uhayawani' unafaa kuliko 'unyama'. 'Zoofilia', istilahi ya tiba ya akili iliyoenezwa na kitabu cha Krafft-Ebing cha mwaka 1886, ipewe kitomeo chake, kwani hutaja mwelekeo wa hisia na si tendo. 'Unyama' uachiwe 'inhumanity' na 'brutality'.

Upande wa Kiswahili-Kiingereza, kitomeo cha 'unyama' kisiwe na 'bestiality' kabisa. Badala yake kiwe na mifano ya kauli ya kutendea, pamoja na onyo fupi kwamba katika maelezo ya mtu aliyedhulumiwa neno hili huweza kuwa tafsida ya kuingiliwa kwa nguvu. Maana ya sifa iwekwe pia, kwa alama ya misimu.